Mwalimu wa Kiingereza Mwambao wa Mweru: Kutoka Cheti cha Misheni hadi Shahada

Kijana wa Kashikishi anayetaka kufundisha Kiingereza katika sekondari hutakiwa leo kuwa na shahada yenye masomo mawili ya kufundishia, Kiingereza kikiwa mojawapo, kisha asajiliwe na Baraza la Ualimu la Zambia, chombo kilichowekwa na sheria ya mwaka 2013. Sharti hilo ni la juzi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 watu wa mwambao huu walifundishwa Kiingereza na walimu wenye cheti cha misheni, cheti cha chuo cha ualimu au stashahada; wenye shahada walikuwa aghalabu wageni kutoka ng'ambo. Jinsi sifa hiyo ilivyopandishwa daraja baada ya daraja, na kitu gani kilisahauliwa kila ilipopandishwa, ndiyo historia ya kazi hii kandokando ya Ziwa Mweru.

Kashikishi imeshikana na boma la Nchelenge, upande wa mashariki wa ziwa, katika mkoa wa Luapula. Ni mji wa samaki: dagaa wanaoitwa chisense huanikwa juani, magunia hupakiwa kwenye malori na mabasi kuelekea miji ya migodi ya Copperbelt, na boti huvuka kwenda visiwa vya Kilwa, Isokwe na Chisenga. Wakazi wake ni Walunda, Washila na Wabwile, pamoja na wengi waliofuata biashara, na lugha inayowaunganisha ni Kibemba. Ng'ambo ya maji, upande wa Kongo, kuna mji mwingine uitwao Kilwa, na kaskazini zaidi kuna Pweto. Huko Kiswahili ni lugha ya sokoni na Kifaransa ni lugha ya shuleni. Mpaka unaopita majini uliwekwa na mkataba wa Mei 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo. Tangu hapo watoto wa ukoo mmoja wamesoma kwa lugha mbili tofauti za kigeni, kutegemea upande ambao wazazi wao walipiga kambi.

Kiingereza hakikuwa lugha ya kwanza ya mbali kufika hapa. Mwaka 1798 Wareno walioongozwa na Lacerda walifika kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda wa bonde la Luapula, na Lacerda akafia huko. Katikati ya karne ya 19 waliotia mizizi ni wafanyabiashara waliotoka pwani ya Afrika Mashariki. Muhammad bin Salih aliishi kwa Kazembe miaka mingi, akizuiwa kuondoka, na ndiye aliyempokea David Livingstone alipofika mji mkuu wa Walunda mwezi Novemba 1867. Mwaka huohuo mfanyabiashara mwingine wa pwani, Tippu Tip, alipigana na Nsama, chifu wa Watabwa mashariki ya ziwa, vita ambavyo alikuja kuvisimulia katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili. Biashara ya pembe za ndovu, shaba na watumwa iliendeshwa kwa Kiswahili, na aliyetaka faida humo alijifunza lugha hiyo kwa kusikiliza, bila darasa wala mtihani. Kiingereza kilikuja kwa njia nyingine. Kilikuja pamoja na boma na misheni, na tangu siku ya kwanza kilikuwa na mtu aliyewekwa rasmi kukifundisha.

Mojawapo ya maboma ya mwanzo ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini katika eneo hili lilikuwa Kalungwishi, karibu na ziwa. Mwaka 1899 majeshi ya Waingereza yaliuvamia mji wa Mwata Kazembe, naye akakimbilia kwa wamisionari wa Mambilima, kwenye maporomoko ya mto Luapula. Kampuni iliitawala nchi hadi 1924 na katika muda wote huo haikujishughulisha na shule za Waafrika. Shule pekee iliyokuwa na mkono wake ilikuwa ya Barotse, magharibi ya mbali, iliyofunguliwa 1907. Kwa hiyo elimu ya Luapula ilikuwa mali ya misheni. Jamii ya Kimisionari ya London, LMS, ilifungua kituo cha Mbereshi mwaka 1900, si mbali na mji wa Kazembe. Mapadri wa Kikatoliki wa shirika la White Fathers walifuata, na huko Luanza, upande wa Kongo wa ziwa hilohilo, mmisionari Dan Crawford alikuwa amekwisha kujenga kituo chake katika miaka ya 1890.

Mwalimu wa kijijini wa zama hizo alikuwa mwinjilisti kwanza. Alijua kusoma, kuandika, hesabu kidogo na katekisimu, na yote hayo aliyafundisha kwa Kibemba. Misheni hazikuwa na haraka ya kufundisha Kiingereza. Zilitaka waumini wasome Biblia kwa lugha yao, na zilijua vizuri kwamba kijana akishapata Kiingereza hakai tena kijijini. Hushika njia ya Elisabethville huko Katanga, au baadaye Copperbelt, kutafuta ukarani. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, maana wanaume wa Luapula walikuwa wakienda migodini Katanga tangu mwanzo wa karne, na kila aliyerudi na kazi ya kalamu alikuwa tangazo kubwa la Kiingereza kuliko somo lolote.

Mbereshi palitokea shule iliyokuja kujulikana kote nchini. Mabel Shaw aliwasili mwaka 1915 na kuanzisha shule ya bweni ya wasichana, ya kwanza ya aina yake katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Aliigawa katika nyumba zenye akina mama walezi, akaingiza desturi za Kiafrika alizoona zinakubaliana na Ukristo, na akaiongoza hadi 1940. Wasichana waliotoka pale wakawa walimu, wauguzi na wake wa walimu, na jina la Mbereshi likawa kipimo cha elimu katika bonde zima. Shule hiyo yafaa ikumbukwe katika historia ya ufundishaji wa Kiingereza kwa sababu moja: ilionyesha kuwa mwanafunzi anayejengwa vizuri katika lugha na maisha ya kwao hapungukiwi anapoingia katika lugha ya wageni. Serikali ilichukua miongo mingi kulikubali somo hilo.

Baada ya Ofisi ya Makoloni kuchukua nchi mwaka 1924, Tume ya Phelps-Stokes ya kuchunguza elimu ya Waafrika ilipita, na mwaka uliofuata ikaundwa idara ndogo ya elimu ya wenyeji. Mwaka 1927 serikali ilitambua lugha nne za Kiafrika kwa ajili ya shule: Kibemba, Kinyanja, Kitonga na Kilozi. Mtoto alisoma miaka ya mwanzo kwa lugha yake au lugha kubwa ya eneo lake, na Kiingereza kikaingia kama somo, kisha kama lugha ya kufundishia katika madarasa ya juu. Utaratibu huo ulizaa matabaka ya walimu. Mwenye elimu ndogo alifundisha madarasa ya chini kwa Kibemba na kulipwa kidogo. Aliyefika mbele zaidi alifundisha kwa Kiingereza na kulipwa zaidi. Hapo ndipo Kiingereza kilipokuwa ngazi ya mshahara ndani ya ualimu wenyewe, na athari zake zingali zinaonekana katika mawazo ya watu kuhusu nani ni mwalimu wa kweli.

Sekondari ilikuja kwa kuchelewa mno. Munali, Lusaka, ilianza kutoa elimu ya sekondari kwa Waafrika mwaka 1939, na kwa muda mrefu kijana wa Luapula aliyetaka elimu hiyo alilazimika kuvuka nusu ya nchi. Hata hivyo mwambao haukukosa watu wa kalamu. Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, aliyetawala katika miaka ya 1940, alishirikiana na Padri Edouard Labrecque kuandika historia ya Walunda kwa Kibemba, kitabu kilichochapishwa 1951; miaka kumi baadaye mwanaanthropolojia Ian Cunnison akakitoa kwa Kiingereza. Safari ya kitabu hicho inafundisha. Maarifa yaliandikwa kwanza katika lugha ya wenyewe, na Kiingereza kikaja kuyapeleka mbali.

Shahada ilikuwa nje ya upeo. Chuo Kikuu cha Rhodesia na Nyasaland kiliasisiwa Salisbury (Harare ya leo) mwaka 1955, kikitoa shahada za Chuo Kikuu cha London, lakini Waafrika wa Rhodesia ya Kaskazini waliopata nafasi walikuwa wachache. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, nchi nzima ilikuwa na wahitimu Waafrika wa chuo kikuu wapatao 100 tu, na waliokuwa na cheti cha sekondari walikuwa takriban 1,200. Kati ya hao serikali ilitafuta makatibu wakuu, mabalozi, wakuu wa wilaya na mameneja. Nani angebaki kushika chaki?

Katika hali hiyo ya upungufu ndipo ulipofanywa uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia ya kazi hii. Kuanzia mwaka 1965 serikali ilianza kukifanya Kiingereza lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na Sheria ya Elimu ya 1966 ikaupa mpango huo nguvu. Sababu zilieleweka. Nchi ilikuwa na lugha nyingi, na kuichagua moja kungeonekana ni kulipendelea kabila moja wakati kaulimbiu ilikuwa Zambia Moja, Taifa Moja. Isitoshe, shule zilizokuwa za Wazungu zilipaswa kuunganishwa na za Waafrika. Kituo cha Kiingereza kikaundwa Lusaka kuandaa vitabu vya mtaala mpya wa msingi, na kazi yake ilijengwa juu ya kozi iliyokuwa imetungwa Nairobi kwa ajili ya shule za Kenya. Miaka miwili tu baadaye, 1967, Tanzania ilichukua njia ya kinyume na kukifanya Kiswahili lugha ya elimu yote ya msingi. Tanzania ilikuwa na lugha ambayo karibu kila mtu aliikubali. Zambia haikuwa nayo. Hata hivyo tofauti iliyozaliwa kwa walimu ilikuwa kubwa. Mwalimu wa Kiingereza wa Kigoma alifundisha somo moja kati ya mengi. Mwenzake wa Nchelenge alibeba lugha ambayo hisabati, sayansi na historia zote ziliitegemea.

Na aliyetakiwa kuibeba katika darasa la kwanza alikuwa mwalimu yuleyule wa cheti. Vyuo vya ualimu vya mikoani, vikiwemo cha Mansa kwa ajili ya Luapula na cha Kasama upande wa jirani, vilipokea waliomaliza kidato cha pili au zaidi na kuwafunza kwa muda mfupi. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuishi mahali ambapo Kiingereza husemwa nje ya darasa. Walifuata kitabu cha mwongozo neno kwa neno, na watoto wakaimba majibu wasiyoyaelewa. Lawama kwa walimu hao haina haki. Walipewa kazi ambayo hata mwenye shahada ya isimu angeitolea jasho, na waliifanya.

Kwa upande wa sekondari serikali iliajiri wageni. Mpango wa Kwanza wa Maendeleo ya Taifa, wa 1966 hadi 1970, ulieneza shule za sekondari hadi wilayani, na walimu wa Kiingereza wakaletwa kutoka Uingereza, Ireland, India na kwingineko. Wengi walikuja kwa mikataba mifupi. Walileta fasihi, maktaba ndogo na matamshi yaliyomshangaza mwanafunzi wa Luapula, kisha wakaondoka, na anayefuata akaanza upya. Hadi miaka ya 1970 wageni walikuwa ndio wengi katika sekondari za Zambia.

Dawa iliyokusudiwa ilikuwa Chuo Kikuu cha Zambia. Tume iliyoongozwa na Sir John Lockwood ilipendekeza mwaka 1963 kijengwe chuo kisicho chini ya Chuo Kikuu cha London, kitakachoanza na wanafunzi wa kidato cha tano badala ya kungoja wenye masomo ya juu, ambao nchi haikuwa nao. Sheria ilipitishwa 1965, masomo yakaanza Machi 1966 kwa wanafunzi 312, na mahafali ya kwanza yakafanyika 1969. Wananchi walikichangia kwa fedha na hata kwa mazao, jambo ambalo vyuo vikuu vichache duniani vinaweza kujivunia. Elimu ilikuwa miongoni mwa shule zake za mwanzo, na serikali iliwalipia wanafunzi ada, malazi na posho.

Shahada iliyobuniwa hapo ndiyo iliyotawala tangu wakati huo: Shahada ya Sanaa pamoja na Elimu, ya miaka minne. Mwanafunzi huchagua somo kuu na somo dogo la kufundishia. Maudhui ya masomo hayo huyapata katika shule ya sanaa, pamoja na wanafunzi wasiokusudia ualimu. Saikolojia ya elimu, falsafa, mitaala na mbinu za kufundishia huzipata katika shule ya elimu. Na katikati ya safari hiyo hupelekwa shuleni kufundisha kwa majaribio. Kwa Kiingereza, maudhui yamegawanyika mafungu mawili, fasihi na isimu. Mlango wa pili uliachwa wazi kwa waliochelewa kuamua: kuchukua shahada ya kawaida ya sanaa kwanza, kisha cheti cha uzamili cha elimu.

Chini ya shahada kulikuwa na stashahada. Chuo cha Ualimu cha Kwame Nkrumah kilianza kazi Kabwe mwaka 1967, na baadaye Chuo cha Copperbelt kikaanza Kitwe. Mgawanyo ulikuwa wazi. Mwenye stashahada alifundisha sekondari ya chini, yaani darasa la 8 na la 9 kwa hesabu ya baadaye, na mwenye shahada alifundisha la 10 hadi la 12. Kwa kweli katika wilaya za mbali kama Nchelenge mgawanyo huo ulibaki kwenye karatasi. Mwenye stashahada aliandaa watahiniwa wa darasa la 12 kwa sababu hapakuwa na mwingine, na wengi wao walifanya hivyo kwa ustadi.

Jambo lililowafaa sana walimu wa mwambao lilikuwa masomo kwa njia ya posta. Chuo Kikuu cha Zambia kilianza kutoa shahada kwa njia hiyo tangu 1967, mapema kuliko vyuo vingi vya Afrika. Mwalimu aliyekuwa kazini alipokea mihadhara iliyochapwa, akaandika majaribio, akayatuma Lusaka, na likizo akasafiri kwenda kukaa chuoni wiki chache. Kutoka Kashikishi safari hiyo ilikuwa ya takriban kilomita 1,000. Aliyepitia Copperbelt alikatisha ardhi ya Kongo kwa barabara ya Pedicle na kuvuka mto Luapula kwa kivuko cha Chembe. Daraja la Mwanawasa lililochukua nafasi ya kivuko hicho lilifunguliwa 2008. Shahada ya posta ilichukua miaka mingi, na bahasha zilipotea njiani, lakini ilikuwa na faida ambayo ile ya bweni haikuwa nayo. Mwanafunzi wake hakuacha darasa lake. Alichosoma usiku juu ya sentensi na uandishi aliweza kukijaribu asubuhi mbele ya watoto halisi.

Bei ya shaba iliporomoka katikati ya miaka ya 1970, na kila kitu kikafuata: vitabu vilikwisha, wageni waliondoka, mishahara ililiwa na mfumuko wa bei. Mageuzi ya elimu ya 1977 yalijadili suala la lugha na kukiacha Kiingereza palepale. Baraza la Mitihani la Zambia, lililoundwa kwa sheria ya 1983, lilichukua mitihani iliyokuwa imehusishwa na Cambridge, lakini umbo la somo halikubadilika sana. Mtihani wa Kiingereza wa mwisho wa sekondari uliendelea kupima insha, ufahamu, muhtasari na kubadili miundo ya sentensi. Fasihi ikawa somo la hiari ambalo shule nyingi hazikulifundisha. Na bila kufaulu Kiingereza mwanafunzi hakupata cheti kamili, hata kama alifaulu mengine yote.

Hapa ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa shahada yenyewe. Kijana alisoma riwaya na tamthilia, akachambua fonolojia na sintaksia, kisha akapewa darasa ambalo shida yake ilikuwa kuandika aya moja yenye mpangilio. Mbinu za kusahihisha insha 60 kwa wiki, au za kumsaidia mtoto wa darasa la 10 ambaye bado hasomi vizuri, zilipata nafasi ndogo. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Zambia, Peter Manchishi na Gift Masaiti, walichapisha utafiti kuhusu mafunzo ya walimu ya chuo hicho na kuhoji kama yanaendana na mahitaji ya shule na jamii. Kwa wilaya za pembezoni swali hilo lilikuwa zito zaidi.

Wakati huohuo ushahidi dhidi ya uamuzi wa 1965 ulikuwa umelundikana. Katika miaka ya 1990 mtafiti Eddie Williams alilinganisha watoto wa Malawi, waliosoma miaka minne ya mwanzo kwa Kichewa, na wa Zambia waliosoma kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Katika kusoma Kiingereza Wazambia hawakuwashinda. Utafiti wa kikanda wa SACMEQ wa 1995 ulionyesha kuwa karibu robo tu ya wanafunzi wa darasa la sita Zambia walifikia kiwango cha chini cha kusoma. Sera ya elimu ya 1996 ikakubali kusoma kuanze kwa lugha ya Kizambia, na mwaka 1998 majaribio yakaanza Kasama na Mungwi kwa Kibemba. Watoto walisoma ndani ya mwaka mmoja, wakaanza Kiingereza cha mazungumzo na kukisoma mwaka wa pili, na Kiingereza chao kikapanda pia. Mpango ukaenezwa nchini. Mtaala ulioanza 2014 ukaenda mbali zaidi na kuzifanya lugha saba za mikoa kuwa lugha za kufundishia hadi darasa la nne.

Mwambao wa Mweru ulinufaika kuliko sehemu nyingi, kwa kuwa Kibemba cha vitabuni si kigeni kwa mtoto wa Kashikishi. Lakini kazi ya mwalimu wa Kiingereza ilibadilika. Sasa alipokea watoto waliokwisha kujua kusoma, na kazi yake ikawa kuwavusha kutoka lugha moja hadi nyingine katika darasa la tano. Kazi hiyo inahitaji mtu anayezijua lugha zote mbili kwa undani, anayejua mahali sentensi ya Kibemba na ya Kiingereza zinapoachana na kwa nini mtoto hukosea palepale kila mara. Mfumo wa vyeti uliokuwa ukipanda kutoka cheti hadi stashahada hadi shahada ulikuwa haujawahi kuuliza kama mwalimu ana ujuzi huo.

Ajira nayo ilikuwa na historia yake chungu. Elimu ya msingi ilifanywa bure 2002, watoto wakafurika, lakini miaka miwili baadaye ukomo wa mishahara ya serikali uliofungamana na masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa uliwaacha maelfu ya walimu waliohitimu bila kazi. Vijana wa Luapula waliokuwa wameuza samaki kulipia chuo walirudi ziwani. Mwaka 2022 mambo yaligeuka: sekondari ikawa bure na serikali ikaajiri walimu zaidi ya 30,000 kwa mkupuo. Hata hivyo wahitimu waliokuwa wakingoja walikuwa wengi kuliko nafasi, hasa wa masomo ya sanaa.

Vyuo navyo viliongezeka. Kwame Nkrumah kikawa chuo kikuu, vivyo hivyo Chalimbana na kile cha Kitwe ambacho sasa ni Mukuba. Chuo Kikuu Huria cha Zambia na vingine vya binafsi vikafungua milango kwa wanaosoma wakiwa mbali. Ufadhili wa serikali uliokuwa wa wote katika miaka ya 1960 umekuwa mkopo unaosimamiwa na bodi iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na si kila mwombaji anaupata. Kwa familia ya wavuvi kuna ugumu wa ziada: uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na mwaka wa shule huanza Januari.

Tangu 2017 ziwa limerudisha Kiswahili darasani kwa njia isiyotarajiwa. Mapigano kusini mashariki mwa Kongo yaliwasukuma maelfu ya watu kuvuka kuingia Nchelenge, na mwanzoni mwa 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa kwa ajili yao. Watoto wao, waliozoea Kiswahili nyumbani na Kifaransa shuleni, waliingizwa katika mtaala wa Zambia, wakakutana na Kibemba na Kiingereza kwa pamoja. Mwalimu wa Kiingereza anayejua Kiswahili kidogo, au aliyesoma Kifaransa kama somo la pili, ana msaada kwao ambao hakuna kitabu cha mbinu kinachoweza kuutoa.

Historia hii inamrahisishia uchaguzi mwanafunzi wa Kashikishi aliyemaliza sekondari. Vyuo vikuu vinadai alama nzuri katika masomo matano, Kiingereza kikiwemo. Shahada ya Sanaa pamoja na Elimu inafaa kuliko shahada tupu ya sanaa kwa anayejua tangu mwanzo kuwa anataka darasa, kwa sababu inampa usajili bila mwaka wa ziada. Kwa aliyekwisha kuajiriwa kwa stashahada, masomo ya mbali ni bora kuliko kuacha kazi. Suala linalostahili kufikiriwa zaidi ni somo la pili. Historia na elimu ya dini ndizo zilizozoeleka, na ushindani wake ni mkubwa. Kiingereza pamoja na lugha ya Kizambia ndio mchanganyiko unaolingana na kazi ilivyo tangu 2014, na katika wilaya inayopakana na Kongo, Kiingereza pamoja na Kifaransa ni chaguo lenye sababu. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2025 umerudisha vidato na kuendelea kukiweka Kiingereza katikati, hivyo mahitaji ya walimu wake hayataisha. Kabla ya kulipa ada yoyote, mwombaji ahakikishe kwamba chuo na shahada yenyewe vinatambuliwa na Baraza la Ualimu, kwa maana shahada isiyotambuliwa haimpi mtu leseni ya kufundisha, Nchelenge wala kwingine kokote Zambia.